Misesi Badru Alishafariki

Pangani,
22 Januari 2024

Kwa Hafsa binti Rahimu, Pongwe.

Assalamu alaykum. Natumai u mzima na mtoto ni mzima. Mimi mwili haujambo, moyo sina la kuusemea.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Mwaka wa sita huu tangu Mselem akuoe, na mimi na wewe hatujapeana hata pole ya msibani. Sikuandikii kwa kuwa nimekumiss, usije ukajisifu. Nakuandikia kwenye karatasi na kumpa kondakta wa basi la asubuhi kwa sababu nikiisikia sauti yako kwenye simu nitasema nisiyoyataka. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Ijumaa iliyopita niko jikoni nakuna nazi, simu ikaita. Namba ndefu, ya nje. Mwanamke mmoja, Kiswahili chake cha Mombasa lakini kimekaa sana ugenini, akasema, "Naomba kuongea na Misesi Badru." Nikamwambia, "Misesi Badru alishafariki, mwanangu. Tumemzika hapa hapa Pangani." Akasema pole sana, akakata. Mimi nikarudi kwenye nazi yangu. Nilidhani ni wale matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Sasa nikwambie, wewe ungejibu nini? Badru ni baba mkwe wetu. Mke wa Badru ni mama mkwe, Mungu amrehemu, na wewe hukuwahi hata kumwona. Mimi ni Khadija binti Shekhe tangu nizaliwe, niliolewa nikiwa Khadija binti Shekhe, na cheti cha ndoa kinasema hivyo hivyo. Nilipomsimulia jirani yangu Benedikta, yule mwalimu, akashika kichwa. Ati kule kwa Wazungu mwanamke akiolewa anaacha jina la babake, anachukua la mwisho la mumewe. Na la mwisho la Mselem ni Badru. Kwa hiyo aliyekuwa anatafutwa ni mimi, na mimi kwa mdomo wangu nimewaambia nimekufa.

Nimeipigia ile namba mpaka salio limekwisha. Haipokelewi. Ninajua kwenye karatasi za kazi yake ya melini Mselem aliandika namba yangu kwanza, na yako ya pili. Kama walikupigia, niambie. Kampuni ya meli haipigi simu nyumbani kwa mtu kuulizia hali. Mselem ana nini?

Mke mwenzio,
Khadija binti Shekhe


Pongwe,
25 Januari 2024

Dada Khadija,

Shikamoo. Mimi sijambo, na Samiha hajambo, ila kikohozi kidogo cha usiku. Natumai barua hii itakukuta na afya, na naomba uisome ukiwa umekaa.

Ni kweli, walinipigia siku ile ile ya Ijumaa. Mselem alianguka kwenye jiko la meli akiwa anapika. Ni kiharusi. Meli ilikuwa karibu na Uingereza, wakamshusha, na sasa amelazwa huko. Upande wa kulia hauna nguvu, na wakati wanapiga simu alikuwa hajafumbua macho. Kampuni itamlipia mtu mmoja aende akakae naye. Mtu mwenyewe awe mke.

Yule mama akaniambia, "Tumearifiwa kwamba Misesi wa kwanza alifariki, pole sana. Wewe ndiye Misesi wa sasa?" Dada, nilitaka kumsahihisha. Wallahi nilitaka. Lakini niliwahi kumsikia Mselem akisimulia habari ya baharia mwenzake, mtu wa Mkinga, mwenye wake wawili kama yeye. Aliumwa, wakauliza mke ni yupi, ukweli ukatajwa, karatasi zikaanza kuzungushwa ofisi hii na ile, na mpaka mtu anazikwa hakwenda yeyote. Kule mke ni mmoja. Wa pili hana hata jina la kuitwa. Hayo yote yalinijia kwa pamoja, nikasema, "Ndiyo, ni mimi."

Pasipoti ninayo, kwa ajili ya safari zangu za khanga za kupita Horohoro kwenda Mombasa. Wewe huna, na kuipata kutachukua muda. Lakini sitapanda ndege bila ruhusa yako. Nimemuuliza maalim wetu hapa Pongwe. Amesema mume mwenye wake wawili hata akiumwa zamu ziko pale pale, na akitaka kuuguzwa kwa mmoja sharti amwombe mwenzake. Mselem hawezi kuomba, basi ninakuomba mimi. Nipe zamu zako nikamuuguze.

Na la pili naona haya hata kuliandika. Naomba wasijue kwanza kuwa uko hai, mpaka viza itoke. Ukisema hapana, nitampigia yule mama kesho nimwambie kila kitu, na liwe liwalo.

Mdogo wako,
Hafsa


Pangani,
27 Januari 2024

Hafsa,

Marahaba. Sisi huku wazima.

Barua yako niliisoma, nikaichana pembeni, kisha nikatafuta gundi. Nilikasirika, sitakuficha. Nilijiambia, huyu mtoto alinikuta na mume akamchukua nusu, sasa anataka na uhai wangu. Nikatawadha, nikaswali, nikakaa. Halafu nikamfikiria Mselem amelala huko kitandani, akifumbua macho hamwoni hata mmoja wa kumwita kwa jina lake vizuri. Mtu mwenyewe akiugua mafua tu anataka ashikwe kichwa.

Basi nimekufa. Nimekubali kufa kwa muda, mpaka ndege yako itue. Benedikta kacheka mpaka kakaa chini niliposema hivyo. Mimi sikucheka sana.

Zamu zangu nakupa zote. Lakini sikiliza. Ukifika, kabla hujavua viatu, waambie Khadija yu hai, yuko Pangani, anangoja habari. Mselem naye mwambie Khadija anajua kila kitu na ndiye aliyekutuma. Msomee Yasini kwenye sikio la kulia. Chakula uulize kimepikwa na nini. Usimwache peke yake na watu wanaompapasa bila kusema bismillahi.

Mtoto mlete kwangu. Mamako hayupo, na kumwacha kwa majirani Pongwe si vizuri. Nyumba yangu haijawahi kuwa na mtoto, lakini kuna nafasi, na kikohozi hicho nitakitibu kwa tangawizi na asali.

Hafsa, ninaogopa. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kutoa ruhusa kama hii. Mtu akishaandikwa kwamba amekufa, wa kumfufua ni yule yule aliyefaidika na kufa kwake. Sina mwingine wa kumtegemea ila wewe, na wewe sikujui. Usinifute.

Mke mwenzio,
Khadija


Uingereza,
20 Februari 2024

Dada Khadija,

Shikamoo. Natuma kwa simu ya Bi Benedikta kama ulivyosema siku ile nilipomleta Samiha. Ahsante kwa kunimwagia maji mlangoni nilipoondoka, ili nirudi salama, nililiona lile. Samiha hajambo? Anakula? Usiku akiamka anapenda mlango uwe wazi kidogo.

Nimefika siku kumi sasa. Mselem amefumbua macho, na mkono wa kushoto anaunyanyua. Amekonda. Nimemsomea Yasini kama ulivyoagiza. Haongei.

Huku ni baridi ya kuuma masikio, lakini wodi yenyewe ina joto. Namshukuru Mungu nimemkuta Mtanzania, mhudumu anaitwa Loveness, Mlutheri wa Korogwe. Yeye ndiye mkalimani wangu pale Kiingereza changu kinapoishia. Ningekuwa peke yangu ningekuwa nimeshachanganyikiwa, kwa maana hapa siitwi Hafsa tena. Daktari ananiita Misesi Badru. Mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kutazama kama mama mkwe amesimama pale. Yule mama wa kampuni kwenye simu ananiita spausi, ndiyo mke wa kwenye karatasi. Anayeleta karatasi za chakula anasema patna. Nikamuuliza Loveness, patna si mtu mnayefanya naye biashara? Akasema hapa ni mke pia, au mwanamke mnayeishi naye bila ndoa, wote neno moja, ili mtu asiaibike. Nikasema mimi nimeolewa kwa mahari na mashahidi, sitaki kusitiriwa. Kuna bibi mmoja wa kufagia yeye ananiita lavu, yaani mpenzi, na anamwita hivyo hivyo hata mlinzi wa getini.

Majina yote hayo ya mke, dada, na hakuna hata moja la kukuita wewe kwangu. Nilimwuliza Loveness, mke mwenza kwa Kiingereza wanasemaje? Akafikiri sana. Akasema hawana.

Lile jambo letu bado sijapata wa kumwambia. Kila siku daktari ni mwingine. Wiki hii nitasema, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Hafsa


Pangani,
26 Februari 2024

Hafsa,

Marahaba. Samiha ni mzima, kikohozi kimekwisha. Anakula kuliko mimi. Ananiita Mama Mkubwa na anataka kila kitu nikifanye mbele yake, hata kuswali. Jana kamwambia Benedikta kwamba yeye ana mama wawili na Benedikta hana hata mmoja. Benedikta akaenda kumlalamikia Mungu wake.

Ujumbe wako niliusoma taratibu. Umeniandikia maneno yote wanayowaita wake huko, moja moja, hata la bibi wa kufagia. Hujaniandikia kama nimeshafufuka.

Siku kumi ni nyingi, Hafsa. Kusema "mke wake wa kwanza yu hai" hakuhitaji daktari yule yule. Loveness wa Korogwe anajua Kiswahili, mwambie yeye, akawaambie wao. Semeni wa hapa nyuma alikuja jana kunijulia hali, nikajikuta namweleza. Akaguna tu. Na wewe unamjua Semeni, akiguna ujue wiki hii watajua mpaka ng'ambo ya mto. Leo sokoni mtu kaniuliza, "Bi Khadija, ati umeachwa?" Sikuachwa. Mtu aliyeachwa anapewa talaka yake mkononi, anajua alipo. Mimi nimekaa hapa, sijui huko nimehesabiwa nini.

Na hilo la kusema haongei. Haongei kabisa, hata kuguna? Anajua watu? Ukimtajia Pangani anafanyaje? Niandikie mambo ya mgonjwa, baridi niachie.

Mama Mkubwa wa Samiha,
Khadija


Pangani,
11 Machi 2024

Hafsa,

Ramadhani inaingia kesho au kesho kutwa. Salamu zote kwako, na kwake kama unamfikishia.

Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Nimekupigia, mimi niliyesema sitaki kuisikia sauti yako, simu inaita mpaka inachoka. Benedikta kanionyesha vile vijitiki vya buluu, kasema maana yake umesoma. Basi unasoma.

Kama amekufa niambie, nijue nianze eda yangu. Kama hajafa niambie. Kama umeamua kuwa mke peke yako, hata hilo niambie, nitapiga kelele siku moja kisha nitanyamaza. Ila usiniache hivi. Nakaanga vitumbua vya mwanao, naviunguza. Kila simu ya Benedikta ikilia ninatoka na unga mikononi mpaka barazani kwake.

Mtoto hajambo. Hilo halihusiani na wewe kunijibu. Sitamfanyia vibaya, usiwe na hofu hiyo.

Khadija


Uingereza,
23 Machi 2024

Dada Khadija,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza.

Nitasema kama yalivyo. Mselem anaongea. Alianza wiki ya kwanza tu niliyofika. Anasema neno moja, na neno lenyewe ni jina lako. Khadija. Akitaka maji, Khadija. Akigeuzwa akiumia, Khadija. Mimi nikimsogelea anatazama usoni mwangu, anafikiri, halafu anatazama mlangoni na kuita tena.

Daktari aliniuliza, Khadija ni nani? Karatasi za kampuni zilikwishafika, zinasema mke wa kwanza marehemu. Kabla sijajibu, mwenyewe akasema, ni yule mkewe aliyefariki? Wagonjwa wengi huwaita waliotangulia, ni kawaida. Wote wakanitazama kwa huruma. Nami nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, dada, lakini nilikiinamisha, na kichwa kikishainama kimesema.

Niliogopa kurudishwa. Hilo ni la kweli. La pili ni la kweli vile vile, nalo ni baya zaidi. Niliona wivu. Nimevuka bahari, nimemwogesha, nimemlisha kwa kijiko, naye hata bahati mbaya hajawahi kuniita. Nikajiambia, angalau hapa duniani pawepo mahali pamoja ambapo mke ni mimi. Akiita Khadija nikawa naitika mimi. Nasema labeka. Wakati mwingine alikuwa anatulia.

Jumanne iliyopita nilitoka kuswali adhuhuri. Niliporudi nilimkuta Loveness ameshika mkono wake, na Mselem analia. Analia kwa upande mmoja wa uso, ule mwingine hausogei. Nikauliza kuna nini. Loveness, kwa wema wake wote, alimwonea huruma anavyoita, akamwambia kwa Kiswahili, "Baba, Khadija ametangulia. Yuko kwa Mungu, amepumzika." Alidhani anamsaidia.

Tangu saa ile hajaita tena, na kijiko kikija anafumba mdomo. Mbele ya mumeo wewe umekufa, dada, na mimi ndiye niliyekuua, na yeye anakufuata. Nilimkaribia sikioni nikamwambia yu hai, yu hai, ni uongo. Hanisadiki. Ananitazama kama mtu anayebembelezwa.

Nikamwambia Loveness yote. Akaketi sakafuni. Kisha tukamwita daktari, nikasema mbele yake na mbele ya yule mama wa kampuni kwenye simu: Khadija ni mke wake, yu hai, yuko Pangani, na mimi ni mke wake pia. Daktari hakukasirika, aliandika tu. Mama wa kampuni ndiye aliyekasirika. Chumba nilichokuwa nalipiwa wamekifunga tangu juzi, na wanasema mambo ya viza yangu yataangaliwa. Ninalala kwa Loveness, kwenye kochi.

Daktari anasema kifua kimeshika maji na hakuna muda mrefu. Usinisamehe leo, hakuna nafasi ya hilo. Niambie tu lini nipige simu, nimwekee sikioni, akusikie mwenyewe.

Hafsa


Pangani,
23 Machi 2024

Piga sasa hivi. Niko kwa Benedikta, simu iko mkononi mwangu. Usingoje futari wala nini. Piga.


Uingereza,
28 Machi 2024

Dada,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mselem ametutoka jana, alasiri ya huku. Nilikuwa naye. Nilimtamkisha shahada, midomo ilisogea.

Kuna mambo mawili yanakungoja wewe, nami sitayajibu peke yangu. Kampuni imekubali kumsafirisha, lakini kwa karatasi za huku itachukua wiki, pengine tatu, na atakaa kwenye barafu. Waislamu wa mji huu, wengi Wasomali, wamesema wako tayari kumwosha na kumzika kesho baada ya Ijumaa kama familia itaridhia.

La pili, msajili wa vifo anataka jina la mjane. Wanamwita wido. Nimesema wako wawili. Amesema anaelewa, na anasikitika, lakini anaandika mmoja. Nikasema basi aandike Khadija binti Shekhe. Akasema kwa kuwa habari zako zimebadilika mara mbili kwenye karatasi zao, ukiwa umekufa kisha umefufuka, sharti wasikie kwako. Watakupigia leo kwa namba ya Bi Benedikta, na Loveness atatafsiri. Itika, ujitaje.

Mdogo wako,
Hafsa


Pangani,
1 Aprili 2024

Hafsa mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Sote wazima, na Mungu amrehemu mzee wetu, ampe kauli thabiti.

Nimepata ile picha ya kaburi. Wamelisawazisha vizuri. Washukuru wale Wasomali, waambie huku tumemsomea khitma na mji mzima ulikuja. Nilipokubali azikwe huko walinijia juu, ndugu zake hasa. Kwamba nimemwacha ugenini. Nikawaambia mimi ndiye niliyebaki ugenini, yeye kazikwa siku mbili baada ya kufa kama inavyopasa, amkeni mnywe uji wa futari.

Nimeingia eda. Benedikta ndiye anayekwenda sokoni, na Samiha ndiye mlinzi wa mlango, anawaambia wageni wavue viatu hata waliokuja peku.

Sijakueleza ya siku ile ya simu, na wewe hukuniuliza. Niliposema, "Mselem, ni mimi," nilisikia pumzi tu na mashine. Nikasema tena, nikamtajia na jina la ujana ninalomwita, ambalo hata wewe hulijui wala sitakwambia. Ndipo akaita. Khadija. Ulimi mzito, lakini ni mimi aliyekuwa ananiita. Nikasema labeka. Na wewe huko nyuma, kwa mazoea ya siku zile, ukaitika pia. Nilikusikia. Tuliitika pamoja, sauti mbili kwa jina moja.

Nikwambie kweli, pale pale nilitaka kukutukana. Nilifungua mdomo. Lakini yeye akaita tena, na nikaona nikikutukana nitapoteza kuitika. Akawa anaita, naitika, mpaka akasinzia. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa ya nazi. Uliyonifanyia siyasahau. Mtu aliyelia akidhani nimekufa alikuwa mume wangu, na machozi yale nitakudai mbele ya Mungu au nitakuachia, bado sijui. Lakini ulinifufua wewe mwenyewe, na ulijua itakugharimu chumba na viza.

Msajili alipiga. Loveness ana sauti nzuri, mwambie simlaumu. Wakaniuliza, Khadija binti Shekhe, wewe ndiye wido wa Mselem Badru? Nikasema ndiyo. Wakasema basi tunaandika. Nikawaambia ngojeni kwanza. Nikawauliza, aliyekuwa amemshika mkono alipokata roho ni nani? Wakasema ni Hafsa. Nikasema andikeni Hafsa. Loveness akauliza bibi una hakika, hili likishaandikwa halifutiki. Nikamjibu ndiyo, nina hakika.

Usiniulize kwa nini, maana nimejiuliza mwenyewe. Miezi miwili nimekonda kwa kutaka niandikwe huko, na waliponipa kalamu sikuona haja. Mimi ameniita, nikamwitikia. Wewe wakuandike.

Maalim amesema aliyefiwa na mumewe akiwa safarini hana kosa kurudi kumalizia eda nyumbani. Usipitie Pongwe. Magunia ya nazi nimeyatoa kwenye chumba cha uani, na Benedikta ametuletea godoro. Mtoto nimemwambia unakuja, kwa hiyo usichelewe, anauliza kila basi.

Dada yako,
Khadija